Saa Kwanza, Mapazia Baadaye

Mazungumzo ya leo yanahusu kuhama nyumba, na hasa kuhama kwa mtu ambaye kazi yake, au nusu ya kazi yake, ni kuandika: mtunzi wa riwaya, mshairi, mwandishi wa tamthilia, au mwalimu anayeandika hadithi zake usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mtu huyu akihama, majirani huona lori, godoro na kabati la vyombo. Hawaoni kilichokatika. Alikuwa na saa yake ya kuandika. Alikuwa na kona yake. Na alikuwa na watu wa nyumbani waliokwisha kuzoea kwamba wakati ule hasemeshwi. Vyote vitatu vimebaki kwenye nyumba ya zamani.

Vinarudije? Wengi hujiambia kuwa vitarudi nyumba ikishakaa sawa: soketi ikitengenezwa, mapazia yakitundikwa, boksi la mwisho likifunguliwa. Ukiyafuata maisha ya waandishi wenyewe unakuta mambo hayakwenda hivyo, na mfano ulio wazi kuliko yote uko katika kijiji kimoja cha Uingereza.

Mwezi Julai 1809 wanawake wanne walihamia nyumba ya matofali katika kijiji cha Chawton, Hampshire, kusini-magharibi mwa London. Walikuwa mjane mmoja, mabinti zake wawili ambao hawakuolewa, na rafiki wa familia aliyeitwa Martha Lloyd. Nyumba ilikuwa ya Edward, mtoto wa kiume wa yule mjane, aliyerithi mali ya jamaa matajiri. Ilisimama kando kabisa ya barabara, magari ya farasi yakipita karibu na dirisha. Binti mdogo alikuwa na miaka 33, na katika mizigo yake mlikuwa na miswada ya riwaya tatu ambazo hakuna hata moja iliyokuwa imechapishwa. Huyo ndiye Jane Austen.

Ili kuona uzito wa siku ile, lazima kurudi nyuma kidogo. Jane alizaliwa mwaka 1775 huko Steventon, baba yake akiwa kasisi wa parokia, na humo nyumbani, kabla hajatimiza miaka 25, alikuwa ameshaandika rasimu za kwanza za riwaya tatu kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1800 wazazi wakatangaza kwamba baba anastaafu na familia inahamia mji wa Bath. Mwaka uliofuata vitu vikauzwa, ikiwemo piano ya Jane na vitabu vya baba yake, zaidi ya 500. Kisha ikaja miaka ya kupanga. Walikaa Sydney Place, wakahamia Green Park Buildings. Baba akafariki Januari 1805. Wakahamia Gay Street, halafu Trim Street, kila hatua kodi ikizidi kuwa mzigo kwa mjane na mabinti wasio na kipato. Baadaye wakaenda Southampton kuishi na Frank, kaka aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini.

Katika miaka hiyo minane Jane Austen hakuacha kalamu kabisa. Alipitia upya mswada mmoja, ulioitwa Susan, na mwaka 1803 ukauzwa kwa mchapishaji wa London kwa pauni 10. Mchapishaji akaufungia kabatini. Alianza riwaya nyingine, The Watsons, akaiacha njiani. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya sababu: wengine wanataja msiba, wengine hofu ya umaskini, wengine wanasema barua nyingi za miaka ile zimepotea na hivyo hatuwezi kumsoma moyoni. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini hesabu ya kazi inabaki vilevile: rasimu tatu Steventon, kipande kimoja kisichokamilika katika miaka ya kuhamahama.

Halafu Chawton. Riwaya ya kwanza, Sense and Sensibility, ilitoka Oktoba 1811, ikamwingizia faida ya pauni 140. Pride and Prejudice ilitoka Januari 1813. Mansfield Park, Mei 1814. Emma, Desemba 1815. Riwaya nne katika muda usiotimia miaka minne na nusu, mbili kati yake zikiwa zimeandikwa upya kutoka rasimu za ujanani na mbili zikiwa mpya kabisa.

Kilibadilika nini? Wageni wanaokwenda Chawton, maana nyumba ile sasa ni makumbusho, huonyeshwa meza. Ni meza ndogo ya mti wa mjozi, yenye pande kumi na mbili, imesimama juu ya mguu mmoja. Juu yake vinatosha wino, kalamu na karatasi moja, basi. Mpwa wake, James Edward Austen-Leigh, aliandika kitabu cha kumbukumbu kilichotoka Desemba 1869, na ndiye aliyesimulia habari ya mlango uliokuwa ukilia kila unapofunguliwa. Jane, kwa maelezo yake, alikataza usitengenezwe, kwa sababu mlio ule ulimpa nafasi ya kuficha karatasi kabla mtu hajaingia. Mlango umekuwa maarufu, meza imekuwa maarufu. Ila meza ndogo na kelele za barabarani hazielezi riwaya nne. Vyumba vya Bath pia vilikuwa na meza.

Maelezo yenye uzito zaidi yanatoka kwa mpwa mwingine, Caroline, aliyekuwa akitembelea nyumba ile akiwa mtoto. Kwa kumbukumbu zake, shangazi Jane aliamka mapema na kupiga piano kabla wengine hawajashuka. Alitengeneza kifungua kinywa cha saa tatu asubuhi, na yeye ndiye aliyeshika stoo ya chai, sukari na mvinyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yake ya kazi za nyumba. Mengine yote, kupanga mapishi, kusimamia mtumishi, kupokea wageni, yalibebwa na dada yake Cassandra pamoja na Martha Lloyd. Mama alijichukulia bustani, na alichimba viazi mwenyewe. Baada ya kifungua kinywa asubuhi ya Jane ikawa huru.

Hapo ndipo penye jambo. Saa ya kuandika ya Jane Austen iligawiwa na watu wa nyumba ile, kama walivyogawana jiko na bustani. Haikudondoka yenyewe baada ya mizigo kupangwa. Wanawake watatu walichukua kazi ambazo zingeweza kumwangukia yeye, na wakaendelea kuzichukua kila siku kwa miaka.

Ushahidi uko katika barua moja. Septemba 1816 Cassandra alikuwa safarini, na nyumba ya Chawton ilikuwa imejaa wageni. Jane alibaki na kazi zote za dada yake. Akamwandikia kumweleza kwamba anaona kutunga ni jambo lisilowezekana kichwa kikiwa kimejaa mapande ya nyama ya kondoo na vipimo vya dawa ya tumbo. Nyumba ni ileile, meza ni ileile, mlango unalia vilevile. Mwezi mmoja tu nyuma alikuwa amemaliza riwaya yake ya mwisho kamili, Persuasion. Aliyekosekana ni Cassandra.

Watafiti wa siku zetu wamelitazama jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2005 Wendy Wood na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakihamia chuo kingine. Waliangalia mazoea ya kawaida kabisa: kufanya mazoezi ya mwili, kusoma gazeti, kutazama televisheni. Mazoea yalihama salama pale mazingira ya kuyafanyia yalipobaki kufanana, na yalitetereka pale mazingira yalipobadilika. Mtu hudhani zoea limo ndani yake, kumbe sehemu kubwa imo katika kiti, katika njia ya kutoka kazini, katika sauti ya mtu fulani anayewasha redio saa fulani. Kuhama kunaondoa vikumbusho hivyo vyote kwa siku moja.

Na kuvijenga upya kunachukua muda. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, kama kula tunda mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Makadirio ya muda wa zoea kushika yalikuwa mapana mno, kuanzia siku 18 hadi siku 254, na namba ya katikati ilikuwa siku 66. Zaidi ya miezi miwili. Jambo jingine waliloliona ni la kufariji: kuruka siku moja hakukubomoa zoea lililokuwa likijengwa. Mwandishi aliyehamia nyumba mpya akakosa kuandika Jumanne kwa sababu fundi bomba alichelewa hana haja ya kukata tamaa Jumatano.

Wapo walioamua kuhama na kikumbusho chenyewe. Thomas Mann, mwandishi wa Ujerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1929, alitoka Munich Februari 1933 kwenda kutoa mihadhara nje ya nchi, siku chache baada ya Hitler kushika madaraka. Alikusudia kurudi. Hakurudi kuishi huko tena. Meza yake ya kuandikia ilitolewa Munich ikamfuata Uswisi, mwaka 1938 ikaenda naye Princeton, Marekani, ikafika California, na mwaka 1952 ikarudi naye Uswisi, ambako imehifadhiwa Zurich hadi leo. Popote alipokaa, saa zake zilikuwa zilezile, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na watoto wake walikua wakijua kwamba wakati huo nyumba inakaa kimya. Februari 1942 alihamia nyumba mpya aliyojengewa Pacific Palisades, karibu na Los Angeles. Januari 1943 alikuwa amemaliza sehemu ya nne ya riwaya yake ndefu juu ya Nabii Yusufu, na Mei mwaka huohuo akaanza Doktor Faustus. Kasi hiyo isingewezekana bila Katia, mkewe. Barua, fedha, safari, wageni, gari, vyote vilikuwa mikononi mwake, katika nchi ya ugeni kwake pia. Meza ilihama na mume. Mzigo wa kuifanya nyumba ikalike ulihama na mke.

Je, asiye na Cassandra wala Katia? Hapa ndipo lazima kumtaja Toni Morrison. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa ameachana na mumewe, alihamia Syracuse, jimbo la New York, kufanya kazi ya uhariri wa vitabu vya shule. Alikuwa na watoto wawili wa kiume wadogo na mji asioufahamu. Humo ndimo alimokuza hadithi fupi aliyokuwa ameianza zamani hadi ikawa The Bluest Eye, iliyotoka mwaka 1970. Aliandika watoto wakiwa wamelala. Baadaye, alipoulizwa juu ya kawaida yake, alieleza kwamba huamka kabla ya alfajiri, hupika kahawa gizani, na hukaa akitazama mwanga ukiingia. Akaongeza kuwa desturi hiyo ilianza kwa kulazimika, kwani ilimpasa kuandika kabla hajasikia neno mama. Alisimulia pia siku ambayo mtoto wake alimtapikia kwenye karatasi naye akaendelea kuandika kuzunguka tapishi, kwa sababu uchafu ungefutika baadaye lakini sentensi ingeweza isirudi.

Watu huisimulia habari hiyo kwa kustaajabu, na kweli inastaajabisha. Lakini isigeuzwe kuwa kipimo cha kila mama anayeandika. Morrison alipata saa kwa kuikata kutoka kwenye usingizi wake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpa nyingine. Wengi waliokuwa na kipaji walishindwa kuikata, na vitabu vyao hatunavyo.

Huku kwetu kuhama kuna sura yake. Dar es Salaam mpangaji mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Mtu anaingia nyumba mpya akiwa amekopa. Wiki za mwanzo ni za kutafuta kibarua cha ziada, kujua maji yanatoka siku gani, kumsaka fundi wa kitasa, na kuwazoea wapangaji wenzake anaochangia nao mita ya umeme. Katika hali hiyo kumwambia mwandishi atafute chumba cha peke yake ni kumwambia aache kuandika. Anachoweza kupata ni saa: ile ya baada ya swala ya alfajiri kabla daladala hazijajaa, au ile ya usiku uani wakati vyombo vimeshaoshwa. Saa hiyo inahitaji kutajwa kwa sauti mbele ya mwenza, watoto na shemeji aliyekuja kukaa, tena siku za mwanzo, kabla nyumba mpya haijajipangia desturi zake. Desturi zikishakaa, kila dakika ina mwenyewe.

Na mwandishi wa Kiswahili aliyejua kuhama ni Shaaban Robert. Tunamkumbuka kwa tenzi na insha, tunasahau kwamba alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mtu wa kupangiwa kituo. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Akaanza kazi idara ya forodha mwaka 1926, na miaka yake ya utumishi ilipita katika vituo mbalimbali vya Tanganyika kabla ya kurejea Tanga. Safari za uhamisho zimo katika Maisha Yangu, na si safari za raha. Jambo moja lilidumu: barua. Alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, na barua hizo zimekusanywa kuwa kitabu. Ndani yake kuna habari za nyumbani, ushauri, na shida za miswada na wachapishaji. Mtu aliyehamishwa kila mara alikuwa na msomaji mmoja asiyehama moyoni mwake, na mkono haukupoa. Kwa mwandishi wa leo ambaye riwaya imemgomea katikati ya maboksi, barua ndefu kwa mtu mmoja anayemfahamu ni mlango mzuri wa kurudia, bora zaidi kuliko kukaa mbele ya sura ya saba iliyoachwa miezi mitatu.

Kuna upande mwingine ambao haufai kuachwa. Mara nyingine nyumba mpya haimrudishii mtu kazi aliyokuwa akiifanya, inamkabidhi nyingine. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza akiwa hana fedha na hana ndugu wengi wa kumpokea. Alisoma Canterbury, na aliwahi kufanya kazi ya mhudumu hospitalini. Kwa maelezo yake mwenyewe, kuandika kwa dhati kulianzia huko ugenini, akiwa na miaka kama 21, kwa vipande vidogo vya shajara juu ya nyumbani alikotoka. Mwanzoni ilikuwa huzuni ya aliyeacha kwao. Vipande vikaongezeka, vikawa kurasa, na kadiri alivyoandika akagundua kuna mambo mazito zaidi ya kusema kuliko kukumbuka tu: yaliyotendeka kwao, yaliyonyamaziwa, na namna wageni wanavyotazamwa katika nchi aliyohamia.

Haikuwa haraka. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987, karibu miongo miwili baada ya kuhama. Katika miaka hiyo alisoma, akafundisha, akalea, na akaendelea kuandika bila kitabu cha kuonyesha. Alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, mjini Canterbury, hadi alipostaafu, na mji ule ndio uliokuwa makao yake simu ya Tuzo ya Nobel ilipomfikia nyumbani Oktoba 2021. Wakati huo alikuwa na riwaya kumi, na nyingi kati yake zinaanzia Zanzibar au pwani yetu, zikiandikwa na mtu aliyekuwa akiishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo zile siku za mwanzo, wakati mtu bado analala kwenye godoro la chini na hajui sufuria ziko boksi gani, zina thamani yake kwa mwandishi. Jicho bado halijazoea. Linaona rangi ya ukuta iliyobaki palipokuwa na picha ya mpangaji aliyepita, linasikia jirani anavyomwita mwanawe, linapima umbali wa sokoni kwa miguu. Baada ya miezi mitatu halitaona tena. Daftari dogo, mistari mitano kwa siku, katika saa ileile iliyokwisha kutajwa mbele ya watu wa nyumba, inatosha kabisa kwa wakati huo. Mapazia yanaweza kungoja mwisho wa mwezi.